Kuba la mita 37 bila mirunda: siku 4 Mosta, Malta

Nimerudi Bologna juzi usiku, nguo bado ziko kwenye begi, ila nimeona niandike fasta kabla sijasahau, maana noti nilizokuwa napiga kwenye simu nusu yake hata mwenyewe sizielewi (kuna moja imeandikwa "mzee kisima pete mkate", imenichukua nusu saa kukumbuka nilimaanisha nini). Picha ndo zimenisaidia kupanga siku.

Chanzo cha safari ni baba yangu. Mzee ni fundi mwashi, amestaafu, yuko Bagamoyo. Mwaka jana nilienda Roma nikamtumia video ya Pantheon, lile kuba la zege lenye upana wa mita 43 na lina karibu miaka 1900, nikijua atashangaa. Akakaa kimya siku nzima halafu akajibu: "Zege hata mimi namwaga. Nitafutie la mawe." Basi nikaanza kutafuta la mawe, nikaangukia Mosta, mji mdogo katikati ya kisiwa cha Malta, kanisa la parokia la Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, wenyewe wanaita Rotunda. Umbo ni la Pantheon kabisa, mviringo, nguzo mbele, kuba juu, ila lote ni mawe. Tiketi kwenda na kurudi yuro 46 kwa sababu ni Machi na watu bado hawajaanza kwenda baharini.

SIKU YA 1, ALHAMISI

Tulikuwa turuke saa 8 mchana tukaruka saa 11, sababu hatukuambiwa, tukapewa chupa ya maji. Sina la kusema zaidi, nililala kwenye kiti.

Kwa mnaoishi Ulaya kwa kibali: Malta iko Schengen, ila beba kibali pamoja na pasipoti, usibebe kimoja. Mimi walinikagua mlangoni mwa ndege wakati wa kupanda. Na jambo moja litakalowafurahisha, soketi za Malta ni zile za pini 3 kama za nyumbani. Nina chaja niliyonunua Kariakoo miaka 4 iliyopita, Italia huwa naichomeka kwa adapta, kule imeingia yenyewe kama imerudi kwao. Magari nayo yanapita kushoto. Nilijikuta navuka barabara kwa usahihi bila kufikiri.

Basi kutoka uwanja wa ndege mpaka Valletta, mji mkuu, halafu namba 41 mpaka Mosta, tiketi yuro 2 na nusu na unabadilisha basi ndani ya saa 2 bila kulipa tena. Shida ni foleni. Kisiwa kizima ukikiendesha kwa urefu ni kama Bagamoyo kwenda Tegeta tu, ila kila mtu ana gari na barabara ni nyembamba, na basi likishajaa dereva hasimami kituoni, anakupungia mkono anapita. Mawili yalinipungia. Nilifika Mosta saa 3 usiku, mvua inanyesha, simu ina asilimia 4.

Mama mwenye nyumba alikuwa amenisubiri. Chumba yuro 38 kwa usiku. Nilipoingia alikuwa anaongea na simu kwa Kimalta na mimi nikasimama nimeganda na begi, kwa sababu nasikia kama naelewa. Anasema "il-Ħamis", halafu anasema "il-Ġimgħa". Nikajiuliza, huyu mama kasema Alhamisi na Ijumaa au mimi njaa? Kumbe ndivyo. Kimalta asili yake ni Kiarabu, kimechanganyika na Kisisilia na Kiitaliano, kinaandikwa kwa herufi za Kizungu, kwa hiyo maneno mengi ambayo Kiswahili nacho kilichukua kwa Waarabu tunakutana nayo njiani. Sita ni sitta. Thelathini ni tletin. Ishirini ni għoxrin. Kitabu ni ktieb, asali ni għasel. Alivyoona nashangaa akakaa mezani kunifanyia mtihani, huku ananipakulia supu ya mboga yenye jibini laini ya duara katikati, inaitwa supu ya mjane, soppa tal-armla. Hakuiweka kwenye bili. Nilijaribu kulipa akanifukuza nikalale.

SIKU YA 2, IJUMAA

Hapa ndo penyewe, vumilieni.

Chai nimekunywa kibandani, pastizzi mbili za jibini maana ni Ijumaa ya Kwaresima na nyama hakuna. Pastizzi ni kama sambusa aliyeamua kuwa mzungu, unga wa matabaka matabaka, ndani jibini au njegere, senti 60 moja. Zinashibisha kuliko zinavyoonekana, ya tatu usijaribu.

Halafu ukikata kona unaliona. Picha zinadanganya. Mji wenyewe nyumba ni za ghorofa 2, 3, rangi ya asali, halafu katikati yake kuna hilo dude limekaa kama jahazi kubwa limepanda nchi kavu. Mbele nguzo 6, vichwa vyake vina mikunjo miwili kama pembe za kondoo (ndo mtindo wa Kiioni), juu ya nguzo pembetatu kama ya hekalu la Kirumi, kushoto na kulia minara ya kengele. Nyuma ya yote hayo linapanda kuba.

Kiingilio nililipa yuro 5, funika mabega na magoti. Mlangoni kulikuwa na mzee mmoja wa kujitolea, alikuwa mchonga mawe kabla hajastaafu. Nilipomwambia baba yangu ni mwashi na ndiye aliyenituma, akaacha kiti chake akanizungusha mwenyewe zaidi ya saa. Mzee yule akiongea anagonga ukuta kwa vidole kama anapiga hodi.

Historia yenyewe ni hii. Mosta walikuwa na kanisa lao la tangu karne ya 17, likawa dogo. Paroko wao, Felice Calleja, akaacha mali yake ijengewe jipya. Mchoro akatoa Giorgio Grognet de Vassé, Mmalta mwenye asili ya Ufaransa aliyewahi kuwa kwenye jeshi la Napoleon, hakuwa msanifu wa kusomea darasani, na pia ndiye yule aliyeshikilia mpaka anakufa kwamba Malta ni kipande kilichobaki cha Atlantis, kile kisiwa cha hadithi kilichozama baharini. Yaani huyo ndo wakampa kazi! Askofu Francesco Saverio Caruana akagoma, akasema nyie mnataka kunijengea hekalu la wapagani liwe kanisa. Hoja yake haikuwa ya ajabu, Pantheon kweli lilijengwa kwa ajili ya miungu ya Kirumi kabla halijafanywa kanisa. Lakini watu wa Mosta walishaamua. Jiwe la msingi likawekwa tarehe 30 Mei 1833, na kazi ikaenda miaka 28 hivi.

Sasa sikilizeni walichofanya, kwa sababu hapa ndipo nilipopiga simu nyumbani palepale. Kanisa la zamani hawakulibomoa. Walianza kupandisha ukuta mpya KULIZUNGUKA. Miaka yote hiyo watu wanasali ndani ya kanisa dogo, na nje yake kanisa kubwa linapanda kama chungu kinafunika kikombe. Lilipokamilika ndo wakalivunja la ndani, mwaka 1860, fikiria kifusi cha kanisa zima kinatolewa kupitia mlango wa kanisa lingine.

Mimi hilo nimeliona kwa macho. Kigangoni kwetu nilipokuwa darasa la 4 tulisali miaka 6 ndani ya kanisa la mabati na miti huku kuta za tofali zinapanda nje yake, mvua ikinyesha kwaya haisikiki, Jumapili baada ya misa kila jumuiya ina zamu, wanaume tofali, akina mama maji na mchanga, watoto kokoto. Fundi mkuu alikuwa baba. Mosta ilikuwa hivyohivyo, Jumapili na sikukuu walifika mpaka watu 200 kufanya kazi bure. Nikampigia mzee nikamwambia "Baba shikamoo, umeibiwa wazo, wamelitumia 1833." Akacheka mpaka akakohoa.

Akauliza, ukuta unene gani? Nikamuuliza mchonga mawe. Mita 9.1. Baba akaniambia rudia. Mita tisa, Baba. Sebule yetu na korido yake haifiki mita 9. Sababu ni kwamba kuba halikandamizi chini tu, linasukuma kwenda nje pande zote, linataka kufunguka kama kanga iliyofungwa vibaya, na humo hakuna nondo ya kulifunga, kwa hiyo kazi ya kulizuia yote inafanywa na uzito wa ukuta. Ndani ya unene huo wamechimba vidaka 8, kimoja mlango, kimoja altare kuu, 6 vimekuwa vikanisa vya pembeni. Ukiwa ndani huhisi unene kabisa, unaona mduara mtupu, sakafu ya marumaru yenye nakshi, na juu bluu, nyeupe na dhahabu, maua kwa safu yanazidi kuwa madogo kadiri yanavyopanda mpaka kwenye tundu la mwanga. Upana wa kuba ndani mita 37.2. Pantheon lile tundu la juu liko wazi na mvua inaingia, hapa wamelifunika kwa kijumba cha vioo.

Ndipo mzee wangu akauliza swali lake. "Na mbao walipata wapi?" Maana kuba kwa kawaida unatengeneza umbo la mbao kwanza, unapanga mawe juu yake, yakishika unatoa mbao. Kwa upana wa mita 37 ni msitu mzima, na Malta miti hamna, kisiwa ni mwamba. Mchonga mawe akaniangalia kama alikuwa anasubiri hilo swali tangu asubuhi. Akasema hawakutumia. Fundi mkuu Angelo Gatt alilipandisha kuba lote bila jukwaa la kulishikilia kwa chini.

Baba: "Muulize tena huyo mzungu, amekosea."

Nikauliza tena. Akachukua mkate kwenye begi lake (chakula chake cha mchana, maskini), akakata vipande akavipanga kwa duara kwenye benchi la nje. Kila kozi, yaani kila safu ya mawe, ni pete. Jiwe moja ukiliweka peke yake kwenye mwinamo linataka kuteleza kuja ndani, hapo ndipo penye hatari. Ila pete ikishafunga hakuna jiwe linaloweza kudondoka, kila moja limebanwa na jirani yake kushoto na kulia, likitaka kwenda ndani haliwezi kwa sababu yote yanataka kwenda ndani kwa pamoja na nafasi haitoshi. Pete ikifunga, inakuwa yenyewe ndo jukwaa la pete inayofuata. Chini mwinamo ni mdogo, kazi rahisi, juu mwinamo ni mkali lakini pete nayo ni ndogo na inafunga haraka. Nikamtumia baba picha ya ule mkate.

Dakika 10 kimya. Halafu voisi: "Ahaa. Ni kisima kilichopinduliwa." Maana yeye amejengea visima vya mawe maisha yake yote, na kisima kinasimama hivyohivyo, udongo unasukuma mawe ndani na mawe yanabanana yenyewe. Nilipomtafsiria mchonga mawe akanikamata mkono kwa nguvu, akaita mwenzake amwambie.

Jiwe lenyewe linaitwa franka, ni chokaa laini, linatoka machimboni unalikata kwa msumeno, likikaa hewani linapata ngozi ngumu. Watu wa pwani mnalijua hilo, matumbawe ya baharini yalikatwa yakiwa mabichi kwa sababu hiyohiyo, ukichelewa linakuwa gumu.

Bomu. Watalii wengi wanakuja kwa ajili ya bomu na mimi nilikuwa nimelisahau kabisa mpaka tulipoingia sakristia. Tarehe 9 Aprili 1942, Alhamisi ya wiki ya Pasaka, saa 10:40 jioni, ndege za Wajerumani zilidondosha mabomu hapo, moja la kilo 500 likatoboa kuba likaingia ndani, watu kama 300 wamekaa wanasubiri misa. Halikulipuka. Wanajeshi wa Kiingereza wakaja wakalizima wakaenda kulitupa baharini. Lililopo sakristia ni mfano wake, refu kama mtoto wa darasa la 6. Siku 6 baadaye mfalme wa Uingereza alikitunuku kisiwa kizima nishani ya George Cross, ile iliyo kwenye bendera yao mpaka leo. Mchonga mawe alinionyesha juu mahali palipozibwa. Nilikodoa nikasema naona. Kwa kweli nilikuwa naona maua tu.

Wenzangu mkienda, tiketi hiyohiyo inaingia na kwenye handaki la vita lililopo nje, shukeni, dakika 10 tu. Na mwende asubuhi saa 3 au 4, mabasi ya watalii yakifika hamtapata kona ya kupiga picha.

SIKU YA 3, JUMAMOSI

Nilipanga Valletta nikaahirisha, kwa sababu mama mwenye nyumba aliniambia kwa sauti ya siri kwamba kuna kuba jingine Gozo, kisiwa jirani cha Malta hiyohiyo, kwenye kijiji cha Xewkija, na kwamba watu wa huko wanasema lao ni kubwa zaidi. Alisema "wanasema" kwa namna ambayo nilielewa yuko upande gani.

Basi mpaka Ċirkewwa, kivuko dakika 25. Kwenda hulipi, unalipa ukirudi, yuro 4.65, usipoteze muda kutafuta dirisha la tiketi kama mimi. Upepo ulikuwa mkali, dada mmoja Mfilipino pembeni yangu alinipa kidonge cha kichefuchefu bila hata kuniuliza, nadhani uso wangu ulitosha.

Xewkija nao walijenga kwa njia hiyohiyo, walianza miaka ya 1950, mawe, mduara, kanisa la zamani likabaki ndani likitumika mpaka jipya lilipofika mwisho, watu wa kijiji kujitolea. Na mawe ya kuchongwa ya lile la zamani hawakuyatupa, yako chumba cha pembeni. Ukweli kuhusu ubishi wao: la Mosta ni pana zaidi, la Xewkija ni refu zaidi kwenda juu, kwa hiyo kila mmoja anashinda akichagua kipimo chake. Kuna lifti ya kwenda paani, yuro 3, unaona kisiwa chote na bahari mpaka Malta. Ila moyo wangu ulibaki Mosta, hili la Gozo ni safi mno.

Kurudi basi la kwanza lilipita limejaa, la pili likaja baada ya dakika 50. Tulikuwa 11 kituoni chini ya paa la watu 4. Bibi mmoja akatoa kwenye mkoba biskuti ngumu za lozi zilizopakwa asali, akagawa kwa wote kama anagawa komunyo. Nikauliza zinaitwaje, akasema kwareżimal. Nikasema Kwaresima? Akasema ndiyo, za Kwaresima. Na mfungo wenyewe wanauita Randan! Hapo nikabaki nimeduwaa, Wakatoliki hawa wanafunga Kwaresima kwa jina la Ramadhani.

SIKU YA 4, JUMAPILI

Misa ya asubuhi Mosta, kwa Kimalta, nilikaa nyuma. Kanisa ni knisja. Kasisi ni qassis. Bwana ni Mulej, yaani Mola wetu huyu. Na walipofika kwenye rozari, "Is-sliem għalik, Marija", nikajikuta naitikia "Salamu Maria" kwa sauti, watoto wa benchi la mbele wakageuka. Wakati wa kupeana amani mchonga mawe alitoka upande wa pili wa duara, akazunguka kote, akaja kunipa mkono. Mwangwi humo ndani ni mbaya kwa mahubiri na mtamu kwa kuimba, mhubiri akisema neno linarudi mara 2.

Jumla nimetumia kama yuro 245 kwa siku 4, ndege imo, chumba kimo, na nusu ya chakula nilipewa bure. Maji nunueni ya chupa, ya bomba mengi yametoka baharini na ladha inakumbusha.

Nikiwa uwanja wa ndege nasubiri (saa 1 tu safari hii) ikaingia voisi ya mzee. Hakuuliza bomu, hakuuliza misa. "Sasa mwanangu, hiyo chokaa ya kuungia mawe walichanganya na nini?"

Sikuuliza. Namba ya mchonga mawe ninayo, ila WhatsApp yake ina tiki moja tangu juzi.